Jinsi ya kumtambua nondo wa kiwavijeshi wa Afrika hadi kufikia jina lake kamili

Mvua za vuli zikishika, simu yangu hujaa picha za viwavi. Nyingi zimepigwa kwa mkono unaotetemeka, kiwavi haonekani kichwa wala mkia, na chini yake swali ni moja: "Bibi shamba, tupige dawa gani?" Nami hujibu kwa swali: "Ni nani huyo?" Wapo wanaonuna. Lakini katika shamba moja la mahindi hapa kwetu Kilosa unaweza kukuta viwavi wa nondo wanne tofauti, kila mmoja na tabia zake, na dawa inayomfaa huyu ni hela iliyotupwa kwa yule. Kwanza jina, dawa baadaye.

Hapa nitafuatana na nondo mmoja tu, mwenyeji wa Afrika, ambaye kiwavi wake ndiye kiwavijeshi tuliyemjua tangu zamani. Wanasayansi wanamwita *Spodoptera exempta*. Njia ya kumfikia ni ileile wanayoipita wao: unaanza na kundi kubwa, unateremka cheo kwa cheo, na kila cheo kina alama yake mwilini mwa mdudu. Hukubali cheo mpaka umeiona alama.

Vifaa si vya kutisha. Lenzi ya mkono inayokuza mara kumi, kibano chembamba, brashi laini ya rangi, karatasi nyeupe, penseli, chupa pana za plastiki na nafasi kidogo kwenye friji. Mimi huazima pembe ya friji ya duka la soda. Mwenye duka ameshazoea, ila ameniomba nisifungue bahasha zangu mbele ya wateja.

Anza na shamba, kisha kiwavi

Nenda asubuhi, na uangalie shamba zima kabla ya kuinamia mmea mmoja. Kiwavijeshi wa Afrika hula jamii ya nyasi: mahindi, mtama, uwele, mpunga, ngano, miwa michanga, ukoka wa malishoni, na ndago pia. Ukikuta mahindi yamebaki uti wa katikati wa jani na kunde zilizopandwa humohumo ziko salama, una fununu. Ukikuta na majani ya kando ya njia yameliwa mpaka chini, fununu hiyo imepata nguvu.

Halafu idadi. Wakilipuka kweli hawahitaji kutafutwa, kwani wanaweza kuzidi 1,000 kwenye mita moja ya mraba, na wakimaliza sehemu moja huhama kwa miguu wakielekea upande mmoja, mchana kweupe.

Rangi ndiyo inayowachanganya watu wengi. Kuanzia hatua ya tatu ya kujivua ngozi, viwavi waliosongamana huwa weusi tii mgongoni, wenye mistari myembamba ya njano ubavuni, na tumbo la kijani. Viwavi walewale wakikulia mbalimbali hubaki kijani au kahawia, na mchana hujificha chini karibu na shina. Mweke mweusi na wa kijani kwenye kiganja kimoja, utaapa si ndugu. J. C. Faure, mtaalamu wa wadudu wa Afrika Kusini, alilichapisha jambo hili mwaka 1943: ni spishi moja inayobadilika sura kulingana na msongamano, jambo ambalo lilikuwa limeshajulikana kwa nzige. Uchunguzi wa baadaye uligundua kwamba hao weusi hustahimili zaidi virusi vinavyowaua viwavi hawa, na ndiyo kinga inayotakiwa mahali ambapo kila mmoja anamkanyaga mwenzake. Kwa hiyo usiandike kamwe jina la spishi kwa kutegemea rangi peke yake.

Sasa watenge wale wanaofanana naye.

Wa kwanza ni kiwavijeshi vamizi, *Spodoptera frugiperda*, aliyetoka bara la Amerika. Alithibitishwa Afrika mwaka 2016, na mwaka 2017 alikuwa ameshafika Kenya na Tanzania. Geuza kiwavi mkubwa umtazame mgongo karibu na mkia: pingili ya pili kutoka mwisho ina madoa manne meusi yaliyopangwa mraba. Hiyo ndiyo alama ya kuamini. Watu wengi wamefundishwa kutafuta ile alama ya Y iliyopinduliwa usoni. Iangalie, lakini usiitegemee. Kiwavijeshi wetu wa asili naye ana mstari hafifu uliogawanyika juu ya kichwa chake cheusi kinachong'aa, na kwenye picha ya simu utaiona Y kila mahali ukiitaka. Tabia nazo zinasaidia: vamizi hujichimbia ndani ya moyo wa muhindi na kuujaza kinyesi, na wakishakua huwakuti wengi kwenye mmea mmoja kwa sababu wanakulana.

Wa pili ni bungua wa mahindi, *Busseola fusca*, naye mwenyeji. Huyu yumo ndani ya bua, ana rangi ya waridi iliyofifia, na ukivuta jani la katikati la mmea mchanga linatoka likiwa limekufa. Wa tatu ni sota, anayekata mche usiku karibu na udongo na mchana kujikunja chini ya kifusi. Mkumbuke sota, tutakutana naye tena kwenye habari za jina.

Mzee mmoja wa Dumila aliniambia, tukiwa tumesimama kwenye mtama wake, "Mwanangu, hawa huanguka na mvua. Jana hawakuwapo." Nilimwambia, "Mzee wangu, una haki, ila kilichoshuka ni mama zao." Nondo hawa husafiri usiku wakifuata upepo, mamia ya kilomita kwa siku chache. Upepo wa dhoruba unapokutana huwakusanya mahali pamoja, mvua inawashusha, na majike hutaga kwa wakati mmoja. Mayai huanguliwa ndani ya siku mbili hadi tano. Viwavi wachanga ni wadogo, wa kijani, wasioonekana na mtu aliyesimama. Wakifika hatua ya tatu wanageuka weusi karibu wote pamoja, na hapo ndipo mwenye shamba anapodhani wameingia usiku wa jana.

Mlee mpaka awe nondo

Kiwavi anakupa fununu, nondo ndiye anayekupa jina. Chukua viwavi wachache wakubwa, weka udongo tifutifu wa kina cha sentimita tatu hadi tano kwenye chupa, tia majani mabichi ya mahindi au ukoka, funga mdomo kwa kitambaa cha chandarua. Kila mmoja chupa yake, kwa sababu kama miongoni mwao kuna vamizi asubuhi utakuta mmoja tu, tena amenenepa. Badilisha majani kila siku, na usiache maji yatuame.

Akiacha kula na kuingia udongoni, mwache. Atakuwa pupa, yaani kiwavi aliyetulia ndani ya ganda akigeuka nondo, ya kahawia inayong'aa, na nondo atatoka baada ya siku saba hadi kumi na mbili hivi. Mambo mawili yanaweza kukatisha safari. Kiwavi akining'inia juu ya jani na kulainika mpaka kuvuja, hiyo ni virusi: toa chupa nje, osha mikono na kibano kwa sabuni kabla ya kugusa wengine. Au utafungua chupa ukute nzi badala ya nondo. Huyo ni nzi anayetaga kwenye miili ya viwavi. Mhifadhi naye, uandike ametoka kwenye kiwavi gani, maana taarifa hiyo ina thamani yake.

Kama unataka pia kuhifadhi kiwavi, usimtumbukize kwenye spiriti akiwa hai, atageuka mweusi na alama zote zitapotea. Mchovye kwanza kwenye maji yaliyokaribia kuchemka kwa nusu dakika, ndipo umweke kwenye spiriti. Nondo ni kinyume: spiriti inaharibu vigamba vyake. Mweke kwenye bahasha ya karatasi, umlaze friji sehemu ya barafu usiku kucha, kisha umkaushe kivulini. Usimguse kwa vidole. Lile vumbi linalobaki kidoleni ndilo alama tutakazozitafuta.

Teremka cheo kwa cheo

Himaya, faila na ngeli tutazipita mbiombio: ni mnyama, ana miguu yenye viungo, na miguu hiyo ni sita. Ni mdudu. Oda yake ni Lepidoptera, oda ya vipepeo na nondo, na alama yake ni mabawa yaliyofunikwa vigamba. Pitisha ncha ya brashi kwenye ukingo wa bawa juu ya karatasi nyeupe, utaviona kwa lenzi.

Je, ni kipepeo au ni nondo? Tazama vipapasio: vya kipepeo vina kifundo kwenye ncha, vya huyu ni nyuzi tupu. Halafu fanya jambo ambalo mimi hulipenda kuliko yote. Mlaze chali, uinue kwa upole bawa la mbele kutoka kwa la nyuma, uangalie kwa lenzi pale bawa la nyuma linapoanzia. Kuna unywele mgumu unaojishikiza chini ya bawa la mbele ili yaruke kama bawa moja. Ukiwa ni mmoja mnene, una dume. Ikiwa ni kadhaa myembamba, una jike. Andika sasa hivi, utahitaji jinsia muda si mrefu.

Cheo kinachofuata ni kundi kubwa la familia liitwalo Noctuoidea, lenye spishi zaidi ya 40,000 duniani. Alama yake ni masikio. Tafuta mahali kifua kinapokutana na tumbo, kila upande kuna kishimo chenye utando mwembamba. Kwa jamaa wa familia ya nondo wetu kila sikio lina seli mbili tu za kusikia, na zinatosha kumsikia popo na kumkwepa gizani. Kwa lenzi ya mkono utakiona kishimo tu. Utando wenyewe unahitaji darubini.

Familia yake ni Noctuidae. Hapa alama imo kwenye mishipa ya bawa la nyuma. Ule mshipa mkuu wa nyuma unaonekana kutoa matawi matatu, kwa kuwa mshipa ambao ungekuwa tawi la nne ni hafifu au haupo kabisa. Lowanisha bawa kwa tone la spiriti, mishipa itajitokeza kwa sekunde chache kabla halijakauka. Kitabu cha zamani kitakupa ndani ya Noctuidae nondo wengi ambao leo hawamo. Tangu miaka ya 2000 familia hii imepangwa upya, na sehemu kubwa imehamishiwa Erebidae baada ya mishipa na vinasaba kusomwa pamoja. *Spodoptera* imebaki ilipokuwa.

Jenasi *Spodoptera* ina spishi takriban 30. Bawa la mbele ni la kijivu-kahawia, lina doa la mviringo na doa la umbo la figo. La nyuma ni jeupe la kupenyeza mwanga, mishipa imekolea. Ukiishia hapa hujakosea, ila hujamaliza.

Spishi sasa. Usibabaishwe na bawa la mbele, rangi yake hubadilika na nondo aliyezeeka huwa amechakaa. Dume la vamizi likiwa jipya lina kiraka cheupe kwenye ncha ya bawa la mbele, na *Spodoptera littoralis*, mla pamba na nyanya, ana mistari myeupe inayokatana bawani. Kwa *exempta* nenda mkiani. Mlaze chali juu ya karatasi nyeupe, utulize kifua kwa kibano, na kwa brashi vuta vigamba vya ncha ya tumbo kuelekea nyuma mpaka vichache vidondoke. Vya dume vina umbo la raketi: mpini mwembamba, kichwa kipana cha duara. Dume wa spishi jirani zake hana. Jike naye ana vigamba vya mkiani vilivyo kama sindano, vyeusi kama makaa. Ukishaviona mara moja, hutasumbuliwa tena na rangi ya bawa.

Nondo aliyepoteza mkia ni kazi ya maabara. Huko hulowekwa tumbo kwenye potasiamu haidroksaidi ya asilimia 10, vikatolewa viungo vya uzazi, ambavyo umbo lake hutofautiana kati ya spishi na spishi hata pale mabawa yanapofanana. Au huchukuliwa mguu mmoja tu na kusomwa kipande cha kinasaba kiitwacho COI, chenye urefu wa herufi 658 za DNA, njia iliyopendekezwa na Paul Hebert na wenzake huko Kanada mwaka 2003. Ndiyo maana nasema usitupe nondo mbovu: mguu mmoja ndani ya spiriti kali isiyochanganywa maji unaweza kutosha.

Kusoma na kuandika jina

Kwenye makabati na vitabu utakuta *Spodoptera exempta* (Walker). Jenasi huanza kwa herufi kubwa, spishi kwa ndogo, yote mawili kwa mlazo, au ukiandika kwa mkono piga mstari chini yake. Walker ni Francis Walker, Mwingereza aliyeorodhesha wadudu wa makumbusho ya British Museum, London, katikati ya karne ya 19. Alitoa majina kwa maelfu ya spishi, kwa kasi iliyowaudhi wenzake, kwani mengi yaligundulika baadaye kuwa ni marudio: mdudu mmoja majina mawili, matatu.

Jina la huyu limesimama, ila makazi yake yamehama. Walker alimweka kwenye *Agrotis*, jenasi ya sota. Baadaye akahamishiwa *Laphygma*, na hata Faure mwaka 1943 alimwita *Laphygma exempta*. Kisha akaingizwa *Spodoptera*, jenasi iliyoanzishwa na Mfaransa Achille Guenée mwaka 1852. Yale mabano yanayolizunguka jina la Walker ndiyo yanayokuambia kwamba amehamishwa jenasi tangu alipopewa jina. Usiyaongeze wala kuyaondoa kwa kupendezesha maandishi. Ukikutana na ripoti za zamani za kilimo za Afrika Mashariki zenye *Laphygma exempta*, ni huyuhuyu, wala usidhani ni mdudu aliyetoweka.

Mtego, na kwa nini mkia una kazi

Vijiji kadhaa vya Kilosa viliingia mapema katika mpango wa wanakijiji kutabiri wenyewe milipuko: mtego mmoja wa feromoni na kipimo cha mvua. Ndani ya mtego kuna kidonge cha mpira chenye harufu ya jike iliyotengenezwa viwandani, na madume huja wakidhani wanaitwa. Utundike kama mita moja na nusu hadi mbili kutoka ardhini, mahali penye upepo, mbali na taa. Hesabu kila asubuhi tangu mvua za kwanza, andika na mvua ya usiku huo, ubadilishe kidonge karibu kila mwezi. Kidonge kipya usikishike kwa mkono ulioshika cha aina nyingine.

Nondo wengi pamoja na mvua ni dalili ya kwenda kukagua majani kuanzia wiki inayofuata. Takwimu hizi zina uzito nje ya kijiji pia, kwa kuwa milipuko ya mwanzo wa msimu mara nyingi huanzia Tanzania ya kati na mashariki na kusini mashariki mwa Kenya, kisha vizazi vinavyofuata husukumwa na upepo kuelekea kaskazini hadi Ethiopia, na hata Yemen.

Tatizo ni kwamba kiini kikubwa cha harufu ya *exempta* kimo pia kwenye harufu ya vamizi. Kwa hiyo hesabu ya mtego si hesabu ya spishi moja mpaka umechambua. Wamwage kwenye karatasi, tenga wazima, na kila dume mpime kwa mkia. Raketi huku, wasio na raketi kule. Nimeshaona daftari ambalo mtunzaji ameandika jumla tu kwa msimu mzima. Haiwezekani tena kujua ndani yake walikuwamo nani.

Lebo

Sampuli bila lebo ni takataka, hata iwe nzuri vipi. Andika kwa penseli, kwa sababu spiriti hufuta wino, na karatasi uiweke ndani ya chupa, si kuibandika nje. Andika nchi, mkoa, wilaya, kijiji. Mwinuko au alama za GPS kama simu inazo. Tarehe, mwezi ukiwa kwa maneno ili 3/4 isisomwe 4/3. Mmea aliokuwa akila. Jina la aliyemkamata. Kwa nondo uliyemlea, weka tarehe mbili, ya kumwokota na ya kutoka kwenye pupa. Jina la spishi liandike kwenye karatasi ya pili pamoja na jina la aliyemtambua na mwaka, kwa kuwa mahali na tarehe havibadiliki lakini utambuzi unaweza kusahihishwa. Kisha pitishia kwa afisa kilimo wa wilaya, naye anaweza kuifikisha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, TPHPA, iliyopo Arusha.

Na kama umefika kwenye jenasi tu, mkia umechakaa na huna uhakika, andika *Spodoptera* sp., herufi hizo mbili na nukta yake, maana yake spishi fulani ya jenasi hiyo ambayo hujaithibitisha. Ndivyo wanavyoandika hata wale wenye darubini mezani.